Usiwajue kwa Rangi: Nondo wa Uraniidae na Ukoo Wao

Hotuba iliyotolewa Kakamega mbele ya wanafunzi wa vyama vya mazingira, walimu wao, na wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu kutoka Shinyalu na Malava, akina mama, na nyinyi wanafunzi ambao hasa ndio nimewafuata leo, hamjambo. Nawashukuru kwa mwaliko na kwa uvumilivu wenu, maana mvua imetuchelewesha na wengi wenu mmekuja kwa miguu.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie vipepeo. Niliomba nizungumzie nondo, na kamati ikakubali. Vipepeo wa Kakamega wana watetezi wengi. Wamehesabiwa zaidi ya spishi 400, watalii huja kuwapiga picha, na kila mtoto aliyekulia kando ya msitu huu anawafahamu. Nondo hana mtetezi. Akiingia nyumbani usiku na kuanza kuzunguka taa, hupigwa kwa ndala. Ilhali katika oda nzima ya wadudu wenye magamba kwenye mbawa, oda yenye spishi zipatazo 160,000 zilizokwisha kupewa majina, vipepeo hawafiki 20,000. Waliobaki wote ni nondo. Anayewajua vipepeo peke yao bado hajaijua oda hii.

Familia niliyoichagua inaitwa Uraniidae. Ina spishi karibu 700, na takriban zote huishi katika nchi za joto: Amerika ya Kati na Kusini, Afrika, Madagaska, Asia ya kusini, Guinea Mpya na kaskazini mwa Australia. Nimeichagua kwa sababu moja. Ndani yake wamo wadudu ambao wajuzi wengi huwataja miongoni mwa wenye rangi nzuri kuliko wote duniani, na papo hapo wamo ndugu zao wa kijivu ambao ukiwaona ukutani utadhani ni majani makavu yaliyopeperushwa na upepo. Ni familia inayomlazimisha mtu kujiuliza: ukoo wa kiumbe unajulikanaje?

Naomba mwalimu azungushe ile picha. Mnayemwona ni Chrysiridia rhipheus wa Madagaska. Mbawa zake akizikunjua zina upana wa sentimita saba hadi tisa. Ni nyeusi, na juu ya weusi huo kuna mistari ya kijani inayometameta, kisha dhahabu, kisha nyekundu inayokwenda kwenye zambarau kadiri unavyoshuka kwenye bawa la nyuma. Bawa hilo lina mikia, na pindo zake zina nyuzi nyeupe. Anaruka mchana, juani, na anakunywa maji matamu ya maua, yakiwemo maua ya miembe, ya mikaratusi, na hata ya chai. Nikiwauliza ni nini, wote mtasema kipepeo. Msione haya, maana wakubwa walisema hivyo hivyo. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, mwaka 1758 alimweka ndugu yake wa Amerika ya Kusini, anayeitwa leilus, ndani ya Papilio, jenasi ya vipepeo, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo. Mwaka 1773 Dru Drury, mfua fedha wa London aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa wadudu, alimpata huyu wa Madagaska kutoka kwa nahodha wa meli, naye akamweka Papilio.

Hapo kuna jambo lingine ambalo nawaomba mlishike, kwa kuwa tutalihitaji baadaye. Drury aliambiwa kwamba mdudu huyo alitoka China au Bengali. Hakutoka huko. Spishi hiyo haiishi popote duniani ila Madagaska. Mdudu alifika London na rangi zake zote, lakini mahali alipokamatwa palikwisha kupotea njiani.

Majina yakaanza kunyooshwa taratibu. Mwaka 1807 Fabricius aliwatenga hawa katika jenasi yao, akaiita Urania. Mwaka 1815 Leach akaandika jina la familia. Mwaka 1823 Mjerumani Jacob Hübner akaunda jenasi Chrysiridia, ambamo huyu wa Madagaska yumo hadi leo. Nusu karne ikawa imepita tangu Drury aandike, na mtu angeweza kudhani kazi imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Ugumu ulikuwa rangi. Na kabla sijaishtaki rangi, niieleze, kwa sababu inastahili. Kijani mnachokiona kwenye picha si rangi iliyopakwa ndani ya bawa. Ukisaga magamba hayo hadi yawe unga, kijani kinapotea. Kila gamba limejengwa kwa tabaka nyembamba mno zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake kuna nafasi za hewa. Mwanga ukiingia, sehemu yake hurudi kutoka tabaka la juu, sehemu kutoka la chini, na mawimbi hayo yakikutana mengine huzimana na mengine huongezana nguvu. Yale yanayoongezana ndiyo rangi tunayoiona. Unene wa tabaka ukibadilika kidogo tu, kijani kinakuwa dhahabu. Mmeshawahi kuona mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya dimbwi pale steji baada ya mvua. Ni kanuni ile ile ya mwanga. Tofauti ni kwamba magamba ya nondo huyu yamepinda, kwa hiyo mwanga huruka pia kutoka gamba moja hadi jirani yake kabla ya kukufikia, na ndiyo maana ukisogeza kichwa rangi inahama. Watafiti wa Japani waliipima kazi hii kwa makini sana. Mimi kila nikiisoma nashangaa upya kwamba mwili wa kiwavi mla majani unajenga chombo cha mwanga cha namna hiyo ndani ya kifukofuko, gizani.

Basi rangi ni ajabu, lakini kama ushahidi wa ukoo haifai kitu. Nitawapa mifano mitatu.

Kule Guinea Mpya kuna nondo wa familia hii anayeitwa Alcides agathyrsus. Kuna pia kipepeo wa kweli, Papilio laglaizei, anayefanana naye kiasi kwamba wakiruka pamoja huwezi kuwatenga. Tumezoea kusikia nondo wakiiga vipepeo. Huku ni kipepeo aliyemwiga nondo, na faida yake iko wazi: nondo yule ana sumu, ndege wanamjua na kumkwepa, na kipepeo anakwepwa pamoja naye. Mfano wa pili ni familia ya Epicopeiidae huko Asia, nondo wenye mikia ambao wamejigeuza wakafanana na vipepeo wa Papilionidae, familia ya vipepeo wenye mikia. Wa tatu ni Sematuridae wa Amerika, nondo wakubwa wenye mikia, ambao kwa muda mrefu waliwekwa ndani ya Uraniidae kwa sababu walionekana kama wao. Leo wana familia yao.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea mdudu mwenye mkia na rangi akaniambia, "Mwalimu, huyu ni wa familia fulani kwa sababu anafanana na picha," nitamwambia amgeuze tumbo juu.

Nondo wengi wana masikio, na masikio yao hayako kichwani. Sikio la nondo ni kiwambo chembamba kilichowambwa juu ya kishimo chenye hewa, na nyuma ya kiwambo hicho kuna chembe chache mno za neva. Kazi yake kubwa ni kumsikia popo. Popo anawinda kwa kutoa milio ya juu ambayo sisi hatuisikii, na mwangwi unaorudi unamwonyesha mdudu alipo. Nondo akiusikia mlio ungali mbali anageuza njia. Ukiwa karibu sana anajiangusha ovyo kuelekea nyasi. Kaeni ukingoni mwa msitu pale Isecheno baada ya jua kuzama, mtaviona vita hivyo kwa macho yenu.

Sasa, masikio haya hayakuanza mara moja tu katika historia ya nondo. Yalianza mara kadhaa, kila ukoo kwa wakati wake na mahali pake mwilini. Noctuidae, ambao ndio ukoo wa viwavijeshi wetu, wana masikio kifuani, upande wa nyuma, karibu na tumbo linapoanzia. Geometridae, ambao viwavi wao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama wanaopima kitambaa, wana masikio mwanzoni mwa tumbo. Uraniidae nao wanayo tumboni, lakini kuna jambo ambalo halijaonekana katika familia nyingine: jike na dume hawana sikio mahali pamoja. La jike liko mwanzoni kabisa mwa tumbo, upande wa chini. La dume liko nyuma zaidi, ubavuni, pale pingili ya pili inapokutana na ya tatu. Ni viungo viwili vilivyojengwa kwa namna tofauti, katika spishi moja, kwa jike na kwa dume. Joël Minet wa makumbusho ya Paris aliyachunguza masikio ya nondo kwa miaka mingi, na maandishi yake ya miaka ya 1980 ndiyo yaliyoisimamisha familia hii juu ya msingi huo.

Ningependa mfikirie uzito wa jambo hilo. Mtu wa London mwaka 1773 aliangalia upande wa juu wa bawa, mahali ambapo kila mtu anaangalia. Jibu lilikuwa upande wa chini wa tumbo, sehemu ndogo kuliko punje ya mtama, inayohitaji darubini na mkono uliotulia.

Ukitumia kipimo hicho, ukoo unakaa sawa, na unapata ndugu usiowatarajia. Familia ina nusufamilia nne. Uraniinae ndio wale wenye fahari: Urania wa Amerika, Chrysiridia wa Madagaska na Afrika Mashariki, Alcides wa Guinea Mpya na Australia, pamoja na Lyssa wa Asia, ambao ni wakubwa lakini wa rangi ya kahawia na mara nyingi huruka usiku. Mwaka 2014 Lyssa walitokea Singapore kwa wingi hadi watu wakawa wanawaona kwenye kuta za maghorofa na vituo vya magari. Microniinae ni weupe, wenye mistari myembamba ya kijivu na mkia mfupi. Auzeinae ni wachache na sitawachelewesha kwao. Halafu kuna Epipleminae, ambao ndio wengi kuliko wote, wadogo, wa kijivu na kahawia. Zamani walipewa familia yao wenyewe, kwa sababu nani angethubutu kusema kwamba kinyama hiki cha rangi ya vumbi ni ndugu wa yule wa Madagaska? Sikio lilisema. Na siku hizi uchunguzi wa vinasaba unaonyesha pia kwamba jirani wa karibu wa familia nzima ni Geometridae, Sematuridae na Epicopeiidae, wala si vipepeo wenye mikia.

Epipleminae wamo Kenya. Nasisitiza hili kwa wanafunzi, kwa sababu mtu akisikia habari za Madagaska na Panama anaweza kudhani hii ni hadithi ya mbali. Namna ya kuwatambua ni ukaaji wao. Nondo wa kawaida akitua hutandaza mbawa zote au huzifunika mgongoni. Epipleminae wengi huzitoa mbawa za mbele pembeni, zikiwa zimekunjwa au kuviringishwa, na za nyuma wakazibana sambamba na mwili, kana kwamba si mbawa za mdudu mmoja. Ukishaona ukaaji huo mara moja hutausahau.

Na katika pwani yetu wenyewe, na Tanzania, hadi Msumbiji na Zimbabwe, kuna ndugu wa damu wa yule wa Madagaska. Anaitwa Chrysiridia croesus, jina alilopewa na Mjerumani Adolph Gerstaecker mwaka 1871. Ni wa kijani, dhahabu na nyekundu kama mwenzake, ingawa mikia yake ni michache. Wako Wakenya wengi wanaoijua picha ya nondo wa Madagaska kutoka kwenye simu zao na hawajui kwamba jamaa yake yuko upande huu wa bahari, katika misitu midogo iliyobaki ya mwambao. Mimi hilo linaniuma. Tunavitambua vitu vizuri vya watu kabla ya vyetu.

Nije kwenye chakula, kwa maana wakulima wameniangalia kwa jicho la kusema, "Na sisi je?"

Mashamba yenu yana mihogo. Nyua zenu, hasa kushuka kuelekea Kisumu, zina mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani unaotoa utomvu mweupe unaochoma macho. Njiani kuna mibarika. Mimea hiyo mitatu ni familia moja, na karibu yote hujilinda kwa sumu. Ndiyo maana muhogo mchungu hauliwi mbichi. Katika familia hiyo hiyo kuna jenasi inayoitwa Omphalea, miti na mimea itambaayo ya misitu ya joto. Viwavi wa Urania huko Amerika, wa Chrysiridia upande huu, na wa Alcides huko Australia, wote hula Omphalea. Mabara matatu, bahari zimewatenga, na meza ni moja. Lyssa hula mmea mwingine, Endospermum, lakini nao ni wa familia ile ile ya muhogo. Ninaona huu ni ushahidi mzito kuliko rangi zote, kwamba tumbo la kiwavi limekumbuka ukoo wake muda wote huo.

Omphalea ana kemikali zinazojifanya sukari, zikaharibu usagaji wa chakula kwa anayemla. Viwavi hawa wamezoea, na sumu wanaihifadhi hadi ukubwani, ndiyo maana wanaruka mchana kweupe wakiwa wamevaa rangi za kuonekana. Lakini mmea haukukaa kimya. Neal Smith, aliyefanya utafiti Panama kwa miaka mingi, aliona kwamba Omphalea akiliwa na vizazi kadhaa vya viwavi mfululizo anaongeza sumu, hadi viwavi wenyewe waliozoea wanaanza kushindwa. Hapo ndipo Urania fulgens wanapohama kwa maelfu, wakivuka nchi na nchi kutafuta Omphalea ambaye hajaguswa. Madagaska nako kuna spishi nne za Omphalea. Tatu ziko kwenye misitu mikavu ya magharibi, moja iko kwenye msitu wa mvua wa mashariki, na nondo huhama kati ya pande hizo mbili kulingana na majira.

Fikirieni maana yake. Kiumbe wa namna hii hawezi kuokolewa kwa kipande kimoja cha msitu kilichozungushiwa uzio. Anahitaji msitu huu na ule wa pili, na njia kati yake. Nimeangalia ramani ya hapa kwetu, Kakamega, Kisere, Malava, Bunyala, hadi Nandi, vipande vilivyokuwa kitu kimoja, nikajiuliza ni wadudu wangapi wetu wanaoishi kwa kuhama namna hiyo bila sisi kuwa na habari.

Jamaica walikuwa na Urania wao, sloanus, mweusi mwenye mistari ya kijani, bluu na nyekundu. Pieter Cramer alimpa jina mwaka 1779. Alikuwa akionekana kwa makundi. Misitu ya nyanda za chini ilipokatwa ili kupata mashamba, alipungua, na habari za uhakika za mwisho kumhusu ni za mwaka 1894 au 1895. Tangu wakati huo, hakuna. Wapo kwenye makabati ya makumbusho, na kwa kuwa rangi yao ni muundo wa gamba badala ya rangi ya kupakwa, haijafifia. Mtu anaweza kumwangalia leo akiwa na kijani kile kile alichokuwa nacho juani. Rangi imebaki, na nondo hayupo.

Wazee wangu, mtaniuliza uainishaji una faida gani kwa mtu mwenye ekari moja ya mahindi. Nitawajibu kwa mambo mawili yaliyotokea hapa hapa.

La kwanza mnalijua kwa uchungu. Mwaka 2016 kiwavi mgeni alionekana Afrika Magharibi, na mwaka 2017 akawa ameingia Kenya, akaanza na mahindi ya upande wetu. Watu walidhani ni kiwavijeshi yule wa zamani. Waliomwangalia usoni waliona alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkiani nukta nne zilizopangwa mraba. Huyo ni Spodoptera frugiperda wa Amerika, aliyepewa jina tangu mwaka 1797. Kwa sababu alikuwa na jina, maarifa yote ya miaka zaidi ya 200 kuhusu tabia yake yaliweza kufunguliwa mara moja. Angekuwa hana jina, tungeanza na ukurasa mweupe huku mahindi yanaliwa.

La pili linahusu viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi. Kwa macho ya haraka wanafanana, lakini wapo wa familia mbili tofauti: Chilo partellus, aliyetoka Asia, ni wa Crambidae, na Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, ni wa Noctuidae. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na chenye tawi hapo Mbita kando ya Ziwa Victoria, kilileta nyigu mdogo kutoka Asia anayetaga mayai ndani ya kiwavi na kumuua. Ndani ya Chilo mayai hayo hustawi. Ndani ya Busseola mwili wa kiwavi huyafunika na kuyaua. Na kuna nyigu wetu wa kienyeji, Cotesia sesamiae, ambaye wa Pwani hushindwa na Busseola ilhali wa huku Magharibi anamweza. Spishi moja, mahali pawili, matokeo mawili. Aliyeandika tu kwenye karatasi "nyigu, Kenya" hajaandika lolote la kumsaidia mkulima.

Mnaona sasa kwa nini niliwaomba mlishike lile la Drury na China. Jina la kisayansi linaegemea kwenye mdudu halisi, na mdudu halisi ana thamani kwa sababu ya kijikaratasi kilichochomekwa chini yake: mahali, tarehe, nani alimpata, na alikuwa akifanya nini. Bila kijikaratasi hicho ni pambo. Wakati wa Malkia Victoria mbawa za nondo wa Madagaska zilitengenezewa vidani Ulaya, na vidani hivyo havimfundishi mtu yeyote chochote kuhusu Madagaska.

Kazi hii ya mahali na tarehe haihitaji shahada. Inahitaji watu wanaoishi hapa mwaka mzima, wakati wa mvua ndefu na wakati wa kiangazi, na hao ni nyinyi. Mtafiti anakuja wiki mbili anaondoka. Mtoto wa Shinyalu yuko hapa usiku ambao nondo fulani anatokea mara moja kwa mwaka. Nondo wa magharibi mwa Kenya hawajaandikwa vya kutosha, hasa wale wadogo wa kijivu ambao hakuna anayewapiga picha, na nina hakika kabisa kwamba daftari la mwanafunzi mwenye bidii, likiwekwa vizuri, litajaza mapengo ambayo makumbusho yetu ya Nairobi yangependa kuona yamejazwa.

Kwa hiyo leo usiku tunaanza. Mwezi haupo, mvua imekatika, na hewa ina joto; hali ni nzuri. Tutatundika shuka nyeupe shambani, nje ya mpaka wa msitu, kwa sababu ndani ya msitu hatukusanyi chochote bila kibali. Taa itawashwa saa moja usiku. Kila mmoja aje na daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hulowa. Wenye simu zenye kamera mje nazo zikiwa na chaji. Mpige picha ya juu, ya ubavuni, na nondo akikaa kwenye ukingo wa shuka mjaribu kupata tumbo lake kwa chini. Andikeni saa, kijiji, na mmea ulio karibu. Angalieni sana anavyokaa kabla hamjamsogelea, na wale wenye mbawa za mbele zilizoviringishwa muniite mara moja. Viwavi wenye manyoya msiwaguse. Tutazima taa saa sita, tutalikung'uta shuka polepole hadi nondo wote waondoke, maana tukiliacha hadi alfajiri ndege watawamaliza.

Vaeni mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu. Wanafunzi wa bweni, majina yenu yafike kwa mwalimu wa zamu kabla ya saa kumi na moja jioni, na gari litaondoka saa kumi na mbili na nusu kamili kutoka lango la shule. Wazazi wanaotaka kuja, shuka ni kubwa, karibuni sana.